Siku Walimu Walipopandishwa Daraja

Nchi hii ilikuwapo, na kama ipo hadi leo si kosa la msimulizi. Jina lake rasmi ni refu, lina Huru ndani yake, lina Umoja, na maneno mengine ya sikukuu. Lakini wananchi wake, ambao hawana nafasi ya kutamka yote hayo wakiwa foleni, huiita Tunalishughulikia. Wamelitoa jina hilo kwenye jibu ambalo serikali yao hutoa kwa kila jambo. Maji hakuna? Tunalishughulikia. Zahanati haina dawa? Tunalishughulikia. Hata ukimuuliza mtumishi wa umma ni saa ngapi, atatazama saa yake, atakohoa, kisha atakwambia analishughulikia.

Katika mji mdogo wa Nambwiko, kwenye nchi hiyo, aliishi mwalimu aitwaye Sikudhani Mpelembe. Alifundisha darasa la saba tangu enzi ambazo wakubwa wengi wa wilaya walikuwa bado wanafutwa kamasi. Alikuwa mtumishi wa Daraja la Tatu. Aliajiriwa akiwa Daraja la Tatu, akaolewa akiwa Daraja la Tatu, akafiwa na mumewe akiwa Daraja la Tatu, na mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu. Hapo kwenye kustaafu ndipo ilipokuwa shughuli.

Kwa sheria za Tunalishughulikia, mwalimu anayestaafu akiwa Daraja la Pili huachiwa nyumba ya serikali aliyokuwa akikaa, iwe yake mpaka afe. Anayestaafu akiwa Daraja la Tatu hupewa cheti cha shukrani, huimbiwa wimbo, kisha ukuta wake hupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu ili ahame. Bi Sikudhani hakuwa na nyumba nyingine chini ya jua. Na nyuma ya jiko la nyumba ile, karibu na mpapai, ndipo alipozikwa mumewe, marehemu Mwalimu Mpelembe, ambaye naye alifariki akiwa Daraja la Tatu. Kwa hiyo alichokitaka mama huyu kilikuwa kitu kimoja tu, na wala si kikubwa. Alitaka kupanda daraja.

Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba kuna daraja la mtoni na kuna daraja la kazini. Bahati mbaya, Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa hajaambiwa. Huyu ndiye rais wao. Jina la rais aliliona la kawaida mno. Asubuhi moja akipitia bajeti na hasira zake, aliona kule Ujenzi kuna idara ya madaraja, na kule Utumishi kuna idara ya madaraja. Akapiga meza.

"Nchi maskini kama hii, idara mbili za kitu kimoja? Mnanifanya mimi mtoto?"

Mawaziri wakatazamana. Kila mmoja alijua kosa lilipo. Kila mmoja pia alikuwa na mtoto anayesoma ng'ambo. Wakapiga makofi, wengine wakasimama kabisa. Wiki ile ile ikazaliwa Wizara ya Madaraja, yenye dhamana ya matao, nguzo, vyeo na nidhamu, na akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Dakta Injinia Mwakapanda, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kutosheleza uwanja.

Bi Sikudhani hakuyajua hayo. Yeye aliomba kupandishwa daraja kama anavyoomba kila mwaka, akaenda zake kusahihisha madaftari. Safari hii, lo, akajibiwa! Alikuja kijana mmoja mwenye kofia ngumu ya njano, akamkuta mama anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetoka wizarani. Nimetumwa kukukagua kwa ajili ya kupandishwa daraja." Akatoa kalamu. "Unabeba tani ngapi?"

Bi Sikudhani akaweka ungo chini. Katika miaka yote ya utumishi alikuwa ameulizwa mambo mengi ya kipumbavu, akajifunza kwamba njia fupi ni kujibu. "Nina darasa la watoto wa kujaza malori mawili," akasema.

"Umepata nyufa zozote miaka ya karibuni?"

"Magoti. Na moyo, tangu Mpelembe alipofariki."

"Pole sana, Mwalimu." Kijana akaandika. "Mvua kubwa ikinyesha unaathirika?"

"Paa linavuja."

Kijana akapiga magoti, akamtazama vifundo vya miguu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama daktari asiyetaka kusema. Akaaga kwa heshima zote. Baada ya muda likaja jibu kwamba msingi wa Mwalimu Sikudhani Mpelembe una dalili za kutitia, na suala lake linahitaji uchunguzi zaidi.

Siku hizo hizo, jopo la usaili la watumishi lilitumwa mtoni.

Daraja la Likwaya lilijengwa ule mwaka nzige walipomaliza mashamba. Serikali ya wakati huo iliona watu wanakufa kwa njaa, ikataka kuwasaidia, lakini ikahofia kwamba wakipewa unga bure watazoea. Basi ikaanzisha kazi za umma: beba jiwe kutoka mlimani, upewe kibaba cha unga. Mabibi na mababu wa Nambwiko wakabeba. Likasimama daraja la matao matatu, ndani zege, nje limevikwa uso wa mawe ya kuchonga yaliyopangana vizuri hata wembe haupiti. Ni kitu kizuri, hilo lazima lisemwe. Wapo waliodondoka njiani na mawe yao kichwani, wakafia hapo hapo, na kwenye kibao cha ukumbusho limeandikwa kwa herufi kubwa jina la bwana aliyekuja kukata utepe.

Jopo likapanga viti vya plastiki mbele ya tao la kati. Mwenyekiti akauliza, "Ulianza kazi lini?" Daraja likanyamaza. "Una malalamiko yoyote dhidi ya mwajiri wako?" Daraja likanyamaza. "Uko tayari kufanya kazi katika mazingira magumu?" Maji yakapita chini, shwaa. Wajumbe wakatazamana kwa furaha, kwa kuwa usaili mzuri namna ile hawajawahi kuuona. Wakaandika kwamba mtumishi huyu hajawahi kukosekana kazini hata siku moja, hajibizani na wakubwa, na ana uso wa mawe, sifa ambayo kwa kawaida hupatikana kwa viongozi wa ngazi za juu tu.

Daraja likapandishwa kuwa Daraja la Kwanza. Kwa kuwa mtumishi wa ngazi hiyo ana haki ya likizo, likafungwa kwa kamba mwezi mzima wa masika ili lipumzike, na watu wa Nambwiko wakavuka mto wakiwa na nguo zao kichwani. Liliporudi kazini lilikuwa vile vile.

Daraja likiwa bado likizoni, Bi Sikudhani alikwenda ofisi ya Madaraja ya wilaya akiwa na matope hadi mapajani. Afisa wa pale, Bwana Fikiri Chendeka, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi, na huko Tunalishughulikia mtu mwenye kazi huishi akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, kwa hiyo hana mkono wa kumsaidia mwenzake.

"Bwana Chendeka, mwaka unakwenda."

"Mama yangu, tunalishughulikia."

"Daraja lile limepanda kabla yangu."

"Lile lina historia, mama."

"Na mimi?"

Chendeka akainamisha macho mezani. "Wewe una umri," akasema taratibu.

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, hakukiita, na alipotoka nje alijikuta ameketi kwenye ngazi za ofisi hawezi kuinuka. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ni ule wa mtu aliyeeleza jambo moja miaka nenda rudi kwa watu wanaotikisa kichwa.

Basi wakati ule walimu wa Nambwiko, ambao wote walikuwa kwenye hali kama yake, wakaazimia kunung'unika kwa sauti. Sauti ikafika juu. Mlezi Mkuu, ambaye uchaguzi wake ulikuwa unakaribia (mgombea ni yeye, na mpinzani wake ni yeye akiwa kijana), akatamka redioni: "Walimu wote wa Nambwiko wapandishwe daraja kabla ya Sikukuu. Sitaki visingizio!"

Mji mzima ukapiga vigelegele. Mwalimu Hokororo, jirani yake Bi Sikudhani, akaja mbio na redio begani akilia machozi. "Dada Siku, umesikia? Umesikia kwa masikio yako?" Akasikia. Na ingawa alikuwa amejikataza kutumaini, usiku ule alikwenda nyuma ya jiko akamwambia Mpelembe.

Wizarani hali ilikuwa nyingine. Fungu la kuwapandisha walimu vyeo halikuwapo. Lilikwisha kwenye sherehe ya kulipandisha cheo daraja la mtoni. Na agizo la Mlezi Mkuu haliulizwi maana yake, kwa sababu kuuliza ni kusema kwamba hakueleweka, na kusema hakueleweka ni kosa lenye kifungu chake. Mheshimiwa Mwakapanda akafunga macho, akafikiri. Alipoyafungua alikuwa anatabasamu. Fungu halipo, lakini daraja si lipo?

Siku ya siku walimu wakaitwa mtoni. Bi Sikudhani alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima. Hokororo alikuwa ndani ya suti yake ya harusi, vifungo vikilia. Bendi ilipiga, utepe ulifungwa ukingo hadi ukingo, na mama alipouona ule utepe alielewa kila kitu. Lakini akatembea na wenzake. Mtu akishafika mpaka hapo, na viatu vya watu mguuni, atarudi vipi?

Wakapandishwa. Wakapangwa juu ya tao la kati wakitazama kamera. Mheshimiwa akashika kipaza sauti akiwa chini, kwenye jukwaa lenye kivuli.

"Ndugu walimu! Wapo vibaraka waliosema serikali yenu sikivu haitawapandisha daraja. Nawauliza, na mnijibu kwa uhuru mlionao: leo mko chini au mko juu?"

"Juu," wakasema walimu.

"Mkiangalia chini mnaona nini?"

"Maji."

"Basi mwenye macho haambiwi tazama! Wazee wetu walilijenga daraja hili kwa tumbo tupu. Sisi leo tunawapandisheni juu yake bila ya kubeba hata kokoto! Hayo si maendeleo? Kama si maendeleo, ni nini?"

Hakuna aliyejua ni nini, kwa hiyo wakapiga makofi. Kisha Bwana Chendeka akasoma majina. Bi Sikudhani alikuwa hasikilizi, alikuwa anavizia upenyo wa kuondoka, mpaka aliposikia: "Mwalimu Sikudhani Mpelembe. Kuanzia saa hii ni mtumishi wa Daraja la Pili, na nyumba anayokaa ni mali yake kwa maisha yake yote."

Kumbe ilikuwa kweli! Upuuzi wote ule, na ndani yake kweli! Mama alishika ukingo wa mawe akalia mbele za watu, akapiga kelele ya furaha kama bibi harusi, na Hokororo akamkumbatia mpaka kifungo kimoja cha suti kikarukia mtoni.

Mheshimiwa akaondoka na ving'ora vyake. Jua likawa kali. Hokororo akajifuta jasho, akasema njaa inauma, akaanza kuteremka kuelekea sokoni.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" Chendeka akamkimbilia.

"Kula."

"Ukitoka hapo utakuwa umeshuka daraja."

"Ndiyo, nashuka."

"Mwalimu, nisikilize vizuri." Chendeka alikuwa amepauka midomo. "Mmepandishwa daraja. Kushuka daraja ni adhabu. Mtumishi hashuki daraja hivi hivi. Labda ameiba, ama amelewa kazini. Ukishuka kwa miguu yako umejishusha mwenyewe, na mimi nitalazimika kuandika Daraja la Nne, maana adhabu ni ngazi mbili. Na kumshusha mwalimu siku ambayo Mlezi Mkuu ameagiza apandishwe, nani ataandika hilo? Mimi? Nina watoto!"

"Sasa tutashuka lini?"

"Hilo," akasema Chendeka, akitazama pembeni, "tunalishughulikia."

Walimu wakacheka. Wakakaa chini kwenye mawe. Jioni hawakuwa wanacheka. Jamaa zao waliwaletea ubwabwa na maji, wengine mikeka. Wapita njia walipita kama kawaida, kwa sababu wao hawakupandishwa na mtu, walikuwa wanapita tu, na kupita si kupanda. Mama muuza dagaa akapita. Mbuzi wa Hokororo mwenyewe wakapita, mmoja akasimama kumnusa bosi wake, kisha akaendelea na safari. Bi Sikudhani alimwangalia mbuzi yule mpaka alipofika ng'ambo, akaona wivu kabisa.

Kulipokucha alimwita Chendeka.

"Mwanangu, nyumba ni yangu?"

"Yako, mama. Hongera sana."

"Kwa maisha?"

"Kwa maisha yako yote."

"Basi nakwenda kulala ndani yake. Mgongo umekufa."

Chendeka akajikuna kisogo. "Hapo sasa. Ukienda kulala utakuwa umeshuka. Na ukishuka, nyumba si yako."

"Kwa hiyo nyumba ni yangu nikiwa siimo."

"Kisheria, ndiyo." Akasema kwa upole, na uso wake ukawa wa mawe. Alikuwa anajifunza.

Kutoka pale juu ya tao, upande wa sokoni mama aliiona nyumba yake, na kile kipande cha mpapai kikichungulia nyuma ya jiko. Upande wa mlimani aliiona shule. Shule haikuwa na mwalimu hata mmoja, maana wote walikuwa hapa wamepanda daraja. Mtihani wa mwisho wa darasa la saba ulikuwa wiki ijayo. Akadhani watoto wamebaki majumbani kwao. Lakini mara akasikia kengele ya shule, ile rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Watoto walikuwa wameigonga wenyewe. Wakapanga mistari wenyewe, wakaingia darasani wenyewe, na kupitia madirisha yasiyo na vioo akawaona wameketi wanatazama ubao mtupu. Hakuna aliyekuwa anacheza. Hicho ndicho kilichomkata maini.

Akainuka. Akavua vile viatu vya kuazima, akavishika mkononi.

"Dada Siku, usiwe hivyo," Hokororo akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Vumilia. Subira yavuta heri."

"Nimeivuta mpaka kamba imekatika."

"Na nyumba? Na kaburi la shemeji? Umehangaika miaka yote hiyo, leo umelipata daraja, unalitupa?"

Mama aliutazama tena mpapai. Alitaka sana ile nyumba, tusidanganyane. Aliitaka hata pale alipokuwa anaanza kutembea, na kila hatua ilimuuma kama anang'olewa kitu. "Watoto wana mtihani," akasema.

"Serikali itawashughulikia."

"Ndilo ninaloliogopa, mwalimu mwenzangu. Si twende wote?"

Hokororo akajilaza upya, akajifunika koti la suti usoni. Wenzake wengine wakageukia mtoni, ghafla kila mmoja akawa na hamu ya kuangalia maji.

Chendeka alimsubiri mwisho wa daraja, upande wa mlimani, amepanua mikono kama anayezuia ng'ombe. "Mama, tafadhali. Nitakuandika Daraja la Nne. Nitakuja nyumbani kwako kesho na rangi nyekundu. Usinifanye nifanye hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma."

"Najua, Fikiri. Ndiyo maana nimechoka."

Akampita. Akakanyaga vumbi la barabara ya shule, na kwa hatua ile akawa mtumishi wa kwanza katika historia ya Tunalishughulikia kujishusha daraja bila kuiba wala kulewa. Kisha akageuka.

"Ukija na rangi yako, njoo. Ila upande wa nyuma usipige, kuna mtu amelala."

Chendeka akashusha mikono.

Jioni ile redio ilitangaza kwamba walimu wa nchi hiyo ndio walio juu kuliko walimu wote wa ukanda huu, na hawana mpango wa kushuka. Lakini hayo ni ya jioni. Asubuhi hiyo Bi Sikudhani aliingia darasani pekupeku, kitenge kimekunjamana, na darasa zima likasimama na kumwamkia kwa sauti moja. Akawaambia wakae. Akatafuta chaki, akapata kipande.

Mtoto mmoja wa kike, Somoe, aliyeketi karibu na dirisha, akanyoosha mkono. Kutoka pale dirishani daraja lilionekana lote, matao yake matatu na mawe yake mazuri, na juu yake walimu wengine wote wa Nambwiko wamekaa kwenye mikeka.

"Mwalimu, wale walimu wetu wengine wanafanya nini kule?"

"Wamepanda daraja."

"Watashuka lini?"

Bi Sikudhani alikuwa hajawahi kumdanganya mwanafunzi katika maisha yake, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuanza.

"Hilo haliko kwenye mtihani," akasema, akageukia ubao akaandika tarehe.